Mji Mkongwe kwa Kiti Mwendo: Kupanga Safari Hatua kwa Hatua

Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa watu wa miguu, punda na mahamali. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa zimesongamana hata katika baadhi ya vichochoro watu wawili hupishana bega kwa bega. Milango ina vizingiti, ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima, na tangu mji huu uingizwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hakuna wa kuvunja ukuta ili kiti kipite.

Pamoja na hayo, mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kuuona mji huu na kuufaidi. Kinachomzuia mara nyingi ni uamuzi uliofanywa nyumbani, bila yeye kuwepo, wa kumwacha babu, mama au kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa maneno ya huruma: "Atachoka." Eneo lililohifadhiwa ni hekta 96 hivi. Ni mji mdogo, na kwa sehemu kubwa ardhi yake ni tambarare. Mteremko wa ardhi si tatizo kubwa hapa. Tatizo ni vidato, upana wa mlango, jua la saa sita na choo. Vyote hivyo vinapimika kabla ya safari.

Hatua ya kwanza: Anza na msafiri mwenyewe

Kabla ya kufungua ramani, kaa naye. Muulize anataka kuona nini, na yuko tayari kufanyiwa nini. Kuna mtu asiyeona tabu kubebwa mgongoni mpaka ghorofa ya pili; kuna mwingine ambaye kushikwa na mwanamume asiyemjua ni jambo lisilowezekana, kwa sababu ya dini, heshima, au kwa kuwa mwili ni wake. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua hoteli, chombo cha kuvukia na njia za kupita, kwa hiyo yaandike.

Uliza na mengine. Je, anaweza kusimama kidogo akishikwa mkono? Anaweza kupanda kidato kimoja? Anajihamisha mwenyewe kutoka kiti hadi kitanda, au anahitaji kunyanyuliwa? Anaweza kukaa muda gani kabla makalio hayajaanza kuuma? Anahitaji choo kila baada ya saa ngapi? Maswali ya choo yana haya, hasa mbele ya wakwe na watoto, basi yaulizwe faragha na mtu mmoja anayemwamini. Lakini yaulizwe, kwa sababu safari nyingi za namna hii huharibikia chooni.

Hatua ya pili: Pima kiti kabla ya kupima mji

Chukua futi kamba. Pima upana wa kiti kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja hadi wa pili, pamoja na yale mapete ya kuzungushia magurudumu kwa mkono. Viti vingi huwa na sentimita 60 hadi 70. Mlango wenye nafasi ya wazi ya sentimita 80 humpitisha mtu bila kuchubua vidole. Ukifika 70, unabahatisha. Ili kiti kigeuke chenyewe kabisa, hasa chooni na chumbani, panahitajika nafasi ya mviringo ya sentimita 150. Pima pia urefu wa kiti pamoja na vikanyagio, kimo cha kikalio kutoka chini (mara nyingi karibu sentimita 50), na uzito wa kiti kikiwa kitupu. Namba hizi nne ziandike kwenye simu yako. Utazitaja mara nyingi.

Sasa hesabu ya vizingiti. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kimo cha 1 kwa urefu wa 12: kidato cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Hakuna anayesafiri na ubao wa namna hiyo. Ubao wa kukunja wa sentimita 90, wa alumini au mbao ngumu, unatosha kwa kizingiti cha sentimita saba na nusu kwa kanuni hiyo. Kwa kidato cha 15 utakuwa mkali maradufu, na hapo lazima mtu mwenye nguvu asimame nyuma na mwingine mbele. Nashauri uwe nao. Sheria ya uhifadhi inalinda jengo, na ubao unaowekwa kisha ukaondolewa haugusi jengo.

Kiti cha umeme ni suala jingine. Vingi huvuka kilo 50 hata kabla mtu hajakaa, na kikifika kwenye mlango wa vidato vitatu hakuna wa kukinyanyua. Kama msafiri anaweza kutumia kiti cha kusukumwa bila madhara kwa mwili wake, kwa Mji Mkongwe kiti hicho ndicho bora. Kama hawezi, liarifu shirika la ndege mapema aina ya betri na uwezo wake, maana betri za lithiamu zina masharti yake, na panga njia za barabara kubwa peke yake.

Halafu matairi. Mafundi baiskeli Zanzibar ni wengi na wanajua kazi. Watakuzibia pancha na kukazia spoku bila shida. Lakini tairi namba 24 ya kiti na namba 24 ya baiskeli hazilingani kila mara, kwa hiyo tyubu ya akiba itoke nyumbani. Beba na pampu ndogo na spana za nati za kiti chako.

Hatua ya tatu: Majira, siku na saa

Epuka masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei. Mvua kubwa huacha madimbwi vichochoroni, mawe yanateleza, na mikono ya anayejisukuma hupoteza mshiko kwenye mapete. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nafuu kidogo. Juni hadi Septemba hewa ni ya kupumua, ingawa kusi huichafua bahari, na mwenye kiwiliwili kisicho imara atayasikia mawimbi ndani ya boti kuliko wenzake. Januari na Februari joto ni kali. Hili lina uzito wa pekee kwa aliyeumia uti wa mgongo, kwa sababu mwili wake huenda usitoe jasho chini ya pale palipoumia, na joto hupanda bila yeye kuonekana ametota.

Angalia kalenda ya watu pia. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari, Ngome Kongwe ikiwa kitovu chake, na msongamano wa siku hizo ni mkubwa. Wapo wanaoupenda, basi wauchague kwa kujua. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufunga mchana, jambo linalomtesa anayekunywa dawa na chakula, ila usiku mji huchangamka mno. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana njia za karibu na misikiti hujaa. Usipange kupita na kiti hapo wakati huo.

Ndani ya siku yenyewe, tumia asubuhi kuanzia saa moja hadi saa nne, kisha rudi chumbani. Majumba marefu hutia kivuli vichochoroni na maduka ya Darajani bado hayajafurika. Toka tena saa kumi alasiri. Saa za katikati zimwachie msafiri alale, abadilishe mkao na aoge.

Hatua ya nne: Malazi, kwa kuhesabu vidato

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na unastahili. Hoteli nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Mapokezi yako ghorofani au nyuma ya ukumbi, vyumba viko juu, na lifti ni chache.

Usiulize, "Mna ngazi?" Utajibiwa hapana na mtu mkweli kabisa, kwa sababu kwake vidato viwili vya mlangoni si ngazi. Nimewahi kuhakikishiwa hivyo kwa simu, na mlangoni pakawa na vidato vitatu na kizingiti juu yake. Uliza hivi: "Kutoka mahali gari linaposimama hadi kitandani, kuna vidato vingapi? Kila kimoja kina kimo gani?" Kisha: "Mlango wa choo una upana gani ukiwa wazi?" Choo ndicho chenye mlango mwembamba kuliko yote, na ndicho kinachosahauliwa. Omba picha ya mlango wa nje, ya mlango wa choo ukiwa na futi kamba mbele yake, na ya kitanda. Hoteli inayokuletea picha hizo siku hiyohiyo imekwisha kukueleza mengi kuhusu namna itakavyokupokea. Inayokujibu "hakuna tatizo, vijana watambeba" haijajibu swali.

Kitanda nacho kina habari. Vitanda vya samadari, vile vya nguzo nne na nakshi, ni fahari ya vyumba vya Zanzibar, na vingi viko juu sana. Mtu anayejihamisha kutoka kikalio cha sentimita 50 hawezi kupanda godoro lililo sentimita 75 bila kunyanyuliwa. Waombe kitanda cha kawaida kifupi, au godoro jembamba. Ni ombi dogo, na halikataliwi likitolewa mapema.

Bafuni hakikisha kuna choo cha kukaa, nafasi ya kiti kusimama kando yake, na bomba la kujitawazia linalofikiwa kwa mkono. Kama hakuna kiti cha kuogea, watu huleta kile cha plastiki cha bustanini. Kinateleza kwenye vigae vyenye sabuni. Weka mpira au taulo nene chini ya miguu yake, na mtu awepo karibu.

Kwa mahali, chagua malazi yaliyo kwenye barabara inayopitika na gari: Shangani, Barabara ya Kenyatta, Vuga, au upande wa Mizingani. Nyumba nzuri iliyojificha katikati ya Kiponda inaweza kuwa na roshani ya kupendeza, lakini teksi itakuacha mbali nayo, na usiku wa mvua au wa maradhi umbali huo ni mrefu.

Hatua ya tano: Kuvuka bahari

Kwa boti kutoka Dar es Salaam ni saa mbili hivi. Nenda ofisini kwao au piga simu siku mbili kabla, useme una abiria wa kiti mwendo, na uulize mambo matatu: daraja gani halihitaji kupanda ngazi ndani ya boti, choo kipi kiko usawa huo, na kiti kitawekwa wapi safarini. Omba muingie wa kwanza na mtoke wa mwisho. Keti sehemu ya kati au ya nyuma, ambako boti hurushwa kidogo kuliko mbele. Kiti kikipelekwa kwenye mizigo, ondoa vikanyagio na mto wa kukalia, ubaki navyo mkononi. Hivyo ndivyo vinavyopotea, na bila mto wake mtu aliyepooza hawezi kuendelea na safari.

Kuna jambo la maji ambalo wapangaji wa bara hawalifikirii. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne, na njia ya kupandia chomboni hubadilika mwinuko kufuatana nayo. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Uliza mabaharia ni saa ngapi njia inakuwa nafuu, kisha kata tiketi ya saa hiyo. Ukiweza, safiri siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kwa ndege, mashirika hutumia alama tatu ulimwenguni kote, na ni vizuri uzitaje wakati wa kukata tiketi. WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS kwa asiyeweza ngazi lakini anaweza kutembea hadi kwenye siti yake. WCHC kwa anayehitaji kusaidiwa mpaka kwenye siti. Watu wengi huandikiwa WCHR kwa sababu wakala hakuuliza, wakafika chini ya ngazi ya ndege na hakuna kilichoandaliwa. Thibitisha tena angalau saa 48 kabla. Uliza kama kuna gari la kunyanyulia abiria katika viwanja vyote viwili, cha kuondokea na cha kufikia. Vindege vidogo vya abiria kumi na kitu vina mlango mwembamba na ngazi fupi zisizo imara. Mtu asiyeweza kusimama kabisa atalazimika kunyanyuliwa kwa mikono. Hilo lirudishe kwake, aamue.

Ukifika, uwe umekwisha kukubaliana na dereva wa teksi mwenye gari ambalo buti lake linameza kiti kilichokunjwa. Mapapasi, yaani vijana wanaowakimbilia wageni kutafuta wateja, watakupokea kwa wingi. Ukiwa na jina la mtu wako, utapita.

Hatua ya sita: Njia na mahali pa kuona

Anzia ufukweni. Kutoka bandari ya Malindi hadi Forodhani, kwa Barabara ya Mizingani, hakufiki kilomita moja, na hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa kiti. Pana, tambarare, bahari upande mmoja na majumba upande wa pili. Utapita Jumba la Zahanati ya zamani lililojengwa kwa fedha za Tharia Topan na kukamilika katika miaka ya 1890, lenye roshani zilizotobolewa nakshi, ambalo hutazamwa vizuri zaidi ukiwa nje. Utafika Mtini, penye mti mkubwa, kisha Jumba la Kifalme, kisha Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Litazame kwa nje. Karibu nalo ni Ngome Kongwe ya Waarabu wa Omani. Ukishavuka lango, uwanja wa ndani uko chini, na mtu anaweza kukaa kivulini na kuziona kuta bila kupanda popote.

Bustani ya Forodhani iweke jioni. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, ina njia zilizosakafiwa, na wakati wa magharibi huja wauza mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa. Fika mapema kabla meza hazijazungukwa. Baada ya hapo mtu aliyeketi huona migongo ya watu tu, na moshi wa majiko humpiga usoni.

Vichochoroni, ingia kwa vipande vifupi. Barabara ya Kenyatta na mtaa wa Gizenga hupitika. Hurumzi nayo hupitika kwa subira. Tatizo la humo ni mifereji yenye vifuniko vya chuma, mawe yaliyoinuka, na pikipiki zinazotokea kwenye kona bila kupunguza mwendo. Mtu mmoja atangulie hatua chache mbele atoe sauti kwenye kila pembe. Kwenye mfereji au ufa, inua magurudumu madogo ya mbele kwa kukiinamisha kiti nyuma, uvuke kwa yale makubwa. Gurudumu dogo likizama kwenye ufa, msafiri huruka mbele.

Huku ndani ndiko mji unakomlipa mtu aliyeketi. Nakshi za milango, minyororo, yungiyungi na misumari ya shaba ziko usawa wa macho yake, na hasimami mtu mbele yake kuzifunika. Baraza za mawe zilizojengwa kando ya nyumba ziko karibu usawa wa kiti chake. Wazee wanaokunywa kahawa kwenye kiwanja cha Jaws Corner wameketi. Wanaocheza bao wameketi. Muuza kashata ameketi. Mwenye miguu ndiye anayeinama ili kuzungumza nao. Panga muda wa hili, angalau saa moja bila kwenda popote, na umwache msafiri azungumze bila wewe kumjibia.

Milango ya majumba ina mbao mbili, na kwa kawaida hufunguliwa mmoja tu. Ule wenye mfaa, nguzo ya katikati, hubaki umefungwa kwa komeo. Waombe wenyewe wafungue mbao zote mbili. Wageni wengi hugeuka kwa kudhani mlango ni mwembamba, kumbe nusu yake imefungwa.

Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, gari hufika karibu. Hapa palikuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo chini ya Askofu Edward Steere. Vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa vina ngazi nyembamba na dari ya kugusa kichwa. Kumteremsha mtu humo kwa kumbeba ni hatari kwake na kwa wabebaji. Nilikuwa hapo na shangazi yangu, anayetumia kiti tangu apate kiharusi, na kijana mmoja akamwambia, "Shikamoo bibi, tukushushe?" Akamjibu, "Marahaba mwanangu. Shukeni nyinyi, mimi nitakaa na hawa." Akasogezwa hadi ukingoni mwa shimo la wazi uani, kwenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo zilizotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Pale hakuna haja ya kushuka. Alikaa muda mrefu kuliko sisi tuliozunguka kila chumba. Maonyesho ya maandishi na picha yaliyo hapo yanaeleza biashara hiyo ya watumwa kwa kirefu, na yatatosha kwa asiyeshuka.

Kisiwa cha Changuu ningekiacha, ikiwa msafiri hataki kubebwa. Ufukweni Forodhani abiria hupandia vyombo majini, maji yakiwa miguuni au magotini, na mchanga laini hauendeki kwa kiti. Akitaka, basi iwe asubuhi bahari ikiwa shwari, na jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kunyanyuliwa.

Usipange zaidi ya mahali pawili kwa siku. Mahali pawili palipoonwa kwa utulivu panatosha.

Hatua ya saba: Mikono ya watu

Zanzibar hutakosa msaada. Utapata mwingi kuliko unaohitaji: vijana wanne watakimbilia kiti, kila mmoja atashika panapomjia, na mmoja wao atashika mkono wa kiti unaochomoka. Msimamishe kila mtu kwanza. Anayetoa amri ni mmoja, na huyo ni msafiri mwenyewe kama anaweza kusema. Yeye ndiye anayekijua kiti chake. Washike fremu tu, wasiguse mikono ya kiti, vikanyagio wala magurudumu. Breki zisifungwe wakati wa kunyanyua kwa kuburura juu ya vidato, zifungwe mara tu kiti kinapotua.

Kwenye ngazi, mgongo wa msafiri uwe upande wa juu wakati wote, akipanda au akishuka, kiti kikiwa kimeinamishwa nyuma, mwenye nguvu zaidi akiwa juu na mwingine chini akiwa ameshika fremu. Kwenye ubao au mteremko mkali ni kinyume: ashuke kinyumenyume, asije akateleza mbele. Jaribuni nyumbani kwenye ngazi tatu za nje kabla ya safari.

Ni bora kumwajiri mtu mmoja wa kudumu kwa siku zote, mkubaliane malipo mapema, kuliko kuokota wasaidizi kila kona. Jumuiya ya watu wenye ulemavu ya huko, UWZ, imekuwepo tangu 1985, na ipo SHIJUWAZA, shirikisho la jumuiya hizo. Waulize kabla ya kuja. Watu wao wanaujua mji huu kwa magurudumu, na ushauri wao ninauamini kuliko wa kitabu chochote cha wageni.

Na ukikuta mlinzi au karani anakuambia hapa hapafai kwa kiti, zungumza kwa adabu, ila usiombe kama anayeomba sadaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inataja wazi kushiriki katika utamaduni na kuyafikia maeneo ya kumbukumbu.

Hatua ya nane: Mwili na mkoba

Mkoba wa mgongoni mwa kiti uwe na maji, dawa za siku mbili zaidi ya safari, nakala ya maelezo ya daktari, mipira ya mkojo kwa anayeitumia, kanga mbili, glavu za kusukumia, kofia na chupa ya kunyunyizia maji usoni. Chuma cha kiti kikiachwa juani huunguza ngozi isiyo na hisia bila mtu kujua. Kifunike kwa kanga. Kila nusu saa ajinyanyue au ainamishwe ili damu ipite makalioni, na kila usiku ngozi ikaguliwe. Wekundu usiopotea ukibonyezwa ni dalili ya kidonda cha mgandamizo, na ukionekana, safari ya kesho inaahirishwa. Kidonda hicho huchukua siku moja kuanza na miezi kupona.

Asipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa choo. Punguza umbali kutoka chooni badala yake: rudi hotelini katikati ya asubuhi, na kabla ya kila matembezi jua choo kilichopimwa kiko wapi.

Baada ya kurudi

Ulipopita na futi kamba ulikusanya namba ambazo msafiri anayefuata hana. Ziandike: vidato vya mlango wa hoteli, upana wa mlango wa choo, kizingiti cha mgahawa mliokula, saa ambayo njia ya boti ilikuwa nafuu. Mpelekee mwenye hoteli nakala, umwambie kwa upole kwamba ubao mmoja wa mbao nyuma ya mlango ungemletea wageni anaowakosa. Wapelekee na jumuiya za watu wenye ulemavu. Nawe mwenye nyumba ya wageni Shangani, Malindi au Mkunazini, usingoje mgeni akuulize: pima milango yako wiki hii, na ubandike vipimo hivyo pale unapotangaza vyumba vyako.